Nilivyochagua Bunduki ya Upepo

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniandikia akiomba habari za wanafunzi wa zamani walio mbali. Nilifikiri kwanza nimweleze kazi yangu, lakini kazi yangu ni kuhesabu katika karatasi makontena yatokayo Mombasa, na sijapata kuona mtu aliyesoma habari za makontena kwa furaha. Basi nimeona heri nieleze jinsi nilivyonunua bunduki. Walimu wasishtuke. Ni bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti, na chembe moja ya marisau yake ni ndogo kuliko punje ya mahindi.

Nakaa Bukoto, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Kampala, katikati ya Kamwokya na Ntinda, katika nyumba ya ghorofa. Mimi niko juu, na chini yangu anakaa bibi mmoja mzee ambaye nyumba nzima humwita Jaja, maana ndilo neno la hapa la kumwita bibi. Habari zake zitakuja mbele.

Wale tuliosoma pamoja watakumbuka kwamba sikuwa mtu wa michezo. Mpira ulinikimbia, na mbio nilizijua siku za kuchelewa darasani tu. Nilichoweza ni kulenga shabaha. Mjomba wangu alikuwa na bunduki ya upepo shambani kwake Muheza, na kila likizo tulipanga makopo ya maziwa juu ya ukuta tukayaangusha hata jua lituchwee. Baadaye mjomba akafa, shamba likagawanywa, na bunduki sijui ilikwenda wapi. Nikaja mjini, nikapata miwani na tumbo kidogo.

Hata ikafika Julai 2024, wakati wa michezo ya Olimpiki ya Paris. Ofisini petu watu walikuwa wakionyeshana picha ya Mturuki mmoja, Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51, amevaa fulana na miwani ya kawaida, mkono mmoja ameutia mfukoni, na kwa mkono wa pili analenga bastola ya upepo kana kwamba anamwelekeza mgeni njia ya sokoni. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walipata medali ya fedha. Wenzangu wakacheka wakasema, "Mzee, huyu ni wewe kabisa." Miwani kweli inafanana, na umri hatupishani sana. Jioni ile nilipanda ngazi nikiyawaza makopo ya Muheza.

Mchezo wenyewe ni wa utulivu, na nadhani wapo wanafunzi ambao ungewafaa kuliko mpira. Mlengaji husimama meta 10 kutoka kwenye karatasi. Chembe ina upana wa milimita 4.5. Katika shabaha ya bunduki, duara jeusi lina upana wa milimita 30.5 tu, na katikati yake alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita, yaani kama alama ya ncha ya kalamu. Mchezo huu wa bunduki ya upepo uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na ule wa bastola ukafuata mwaka 1988 Seoul. Mwaka 2008, huko Beijing, Abhinav Bindra aliipatia India kwa mchezo huu medali yake ya kwanza ya dhahabu iliyopatikana na mtu mmoja peke yake. Hakukimbia wala hakuruka, alisimama tu.

Huko Ulaya watu huingia ndani kulenga wakati wa baridi, nje kukiwa na theluji. Sisi Bukoto theluji hatuna, lakini tunayo mvua. Majira yake yanakaribiana na masika na vuli ya kwetu Tanga: Machi hata Mei, tena Septemba hata Novemba. Mvua ikishuka, njia yetu hugeuka mfereji, taksi husimama Kamwokya bila kusogea, na mtu akifika nyumbani hatoki tena. Miezi ile mimi hukaa nikitazama ukuta. Basi nikasema, kama ni kutazama ukuta, heri ukutani pawe na shabaha.

Nilianza kwa kupima. Kutoka mlango wa jikoni hata mwisho wa korido nilipata meta 7. Nilisikitika, kisha nikakumbuka kusoma kwamba huko Uingereza watu hulenga ndani ya vilabu vya pombe kwa umbali wa yadi 6, kwenye bamba la chuma lenye tundu dogo na kengele nyuma yake. Chembe ikipita tunduni, kengele inalia. Kama yadi 6 zawatosha Waingereza na bia yao, meta 7 zitanitosha mimi na chai. Jambo la kufanya ni kuipunguza shabaha kwa kadiri ya umbali. Saba katika kumi ya milimita 30.5 ni kama 21, nami nikachora duara la milimita 21 kwa bikari ya mtoto wa jirani.

Sasa bunduki. Wengi wenu mtadhani bunduki za upepo ni namna moja. Hata mimi nilidhani hivyo. Ipo ile yenye tangi, ambayo hewa hushindiliwa ndani yake kwa nguvu ya kama bar 200, na mkumbuke kwamba gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kitu. Hiyo haipigi teke, haina kelele nyingi, nayo ndiyo wanayotumia mabingwa siku hizi. Lakini bunduki mpya ya mabingwa yapita Euro 2,000, na hesabu ya kuigeuza kuwa shilingi niliiacha katikati. Zipo za tangi za bei ndogo, ila zataka pampu yake maalumu au chupa ya wazamiaji, na wazamiaji wa Kampala sijapata kuwaona. Ipo ya gesi, inayotumia chupa ndogo za gramu 12. Nilizunguka mjini Jumamosi mbili nikiuliza chupa hizo, nikaambiwa "njoo wiki ijayo" kwa namna ambayo kila mkazi wa Kampala anaifahamu. Bunduki ambayo chakula chake hukijui kitatoka wapi si rahisi hata ukipewa bure.

Ikabaki ya kamani, kama ya mjomba. Unauvunja mtutu kuelekea chini, na kule kuuvunja kunaibana kamani. Ukifyatua, kamani inaisukuma pistoni, pistoni inaibana hewa, na hewa inaisukuma chembe. Hakuna cha kununua tena ila marisau. Kasoro yake ni kwamba ile kamani na pistoni vinakwenda mbele kwa kishindo, na bunduki inaruka mkononi kabla chembe haijatoka. Ukiikaza, chembe yakwenda kando. Yataka kushikwa kama kifaranga: usikibane, wala usikiachie.

Hapo nusura nikosee. Nilionyeshwa bunduki mpya ya kamani, ya bei nafuu, nyeusi, ya kutisha, na sifa yake kubwa aliyoitangaza muuzaji ilikuwa mwendo: zaidi ya meta 300 kwa sekunde. Rafiki yangu mmoja wa Mukono alikuwa amekwisha kununua iliyo sawa na hiyo, akanialika shambani kwake niijaribu. Kuivunja tu mtutu ilikuwa kazi ya wanaume wawili. Sauti yake ilikuwa kama mjeledi, na ng'ombe wa jirani waliacha kula. Nilipiga mara kumi kwenye karatasi, na matundu yakaenea upana wa kisahani cha chai. Nilipofika nyumbani nikatafuta habari, nikaona kwamba bunduki za Olimpiki hutupa chembe kwa kama meta 170 tu kwa sekunde. Nguvu ni ya mwindaji. Karatasi haihitaji kuuawa.

Bastola je, kama ya yule Mturuki? Niliitamani, sikatai. Lakini mtu mzima anayepita Kamwokya jioni, na bastola inachungulia katika mfuko wake, hatapata nafasi ya kueleza kwamba inatumia upepo.

Tena kuna sheria. Sheria ya bunduki ya Uganda ni ya mwaka 1970, na si vema mtu aifasiri mwenyewe baada ya kusoma nusu ukurasa. Makao makuu ya polisi yako Naguru, kilima cha jirani, nami nilikwenda polisi mikono mitupu kuuliza kabla ya kununua kitu chochote. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu wa adabu. Aliniambia karatasi zitangulie na bunduki ifuate. Karatasi zilitangulia miezi minne. Enyi wanafunzi mnaosoma haya, popote mlipo, fanyeni hivyo hivyo, wala msianze na bunduki.

Mwisho niliipata kwa mzee mmoja mstaafu wa Ntinda, ambaye wanawe walihamia Canada na kumwachia vitu wasivyovitaka. Ni Diana namba 27, iliyotengenezwa Rastatt, Ujerumani, nyepesi, tako lake la mti limechubuka, na kifyatulio chake ni laini hata huwezi kuamini. Mtutu unavunjika kwa mkono mmoja. Tulipokwisha kuandikishana kwa njia ya haki nikamlipa shilingi laki saba za Uganda, akanipa na kopo la marisau yenye vichwa bapa, yale yanayokata karatasi tundu la duara safi. "Usiifyatue tupu," akaniambia, "bila chembe ndani pistoni itagonga chuma kwa chuma, nawe utaivunja." Hakuniambia habari za mafuta. Pengine aliona nina umri wa kujua.

Makosa yangu ni mawili, nami nitayasema yote. La kwanza, nilisimamisha ubao wa mvule mwisho wa korido, nikabandika karatasi, nikapiga. Chembe iligonga mti ule mgumu ikarudi, ikapita karibu na sikio langu, ikavunja kioo cha picha ya marehemu baba. Nilikaa chini sakafuni. Kesho yake nilikwenda Katwe kwa mafundi wa vyuma, wakanikatia bamba nene, nikatengeneza sanduku la mbao, bamba likawa nyuma, na mbele yake nikashindilia magazeti makuukuu ya Bukedde na New Vision hata ngumi isiingie. Chembe zinaingia katika magazeti zinakaa humo humo. Tangu siku ile sifyatui bila miwani ya kukinga macho, wala sili kitu kabla ya kunawa, maana marisau ni risasi, na risasi ni sumu.

La pili ni lile la mafuta. Ilikuwa Novemba, usiku wa saa tatu hivi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana, nami niliona kutu kidogo kwenye mtutu, nikachukua mafuta ya cherehani nikapaka nje, kisha kwa ukarimu wa kijinga nikatia matone manne katika lile tundu hewa inamopitia. Sikujua kwamba hewa ikibanwa ghafla hupata moto, na mafuta yaliyomo huwaka kama yawakavyo katika injini ya dizeli. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, hata matone ya paani yalisikika. Nikafyatua. Ulitoka mlipuko, ule ule wa bunduki ya kweli, na moshi ukajaa korido. Nilishtuka, kisha nikacheka peke yangu, nikafungua dirisha, nikalala.

Asubuhi nilikutana na mjukuu wa Jaja ngazini, anakwenda shule. Nikamwuliza hali ya bibi yake. Akasema, "Jaja alilala na viatu."

Sikuelewa. Mtoto akanieleza kwamba baada ya ule mlipuko Jaja alizima taa, akamvalisha yeye sweta na viatu, akavaa viatu vyake mwenyewe, akaweka mfuko wa hati zake mlangoni, wakalala juu ya blanketi, nyuma ya kitanda, sakafuni. Alieleza kwa furaha, kama mtoto aelezavyo mchezo mpya.

Sikwenda kazini asubuhi ile. Nilinunua kilo mbili za sukari, nikabisha hodi kwa Jaja, nikapiga magoti kidogo mlangoni kama nilivyoona vijana wa hapa wakifanya, nikaanza kuomba radhi kwa Kiganda changu cha sokoni. "Nyabo, nsonyiwa," nikasema, na hapo maneno yakaniishia.

"Sema Kiswahili," akajibu. "Nakijua."

Nikafurahi, nikamwambia sikupata kumsikia akikisema. Alikaa akinitazama kitambo. Kisha akanihesabia kwa vidole Kiswahili anachokijua. "Simama. Lala chini. Fungua mlango. Toa pesa. Nyamaza." Vidole vitano vikaisha. "Ni hicho tu nilichofundishwa," akasema, "na walimu wangu walikuwa na bunduki."

Wasomaji wa pwani, jambo hili sisi hatulijui, nami nilikuwa nimekaa Bukoto miaka mitatu bila kulijua. Kwetu Kiswahili ni lugha ya mama akimwita mtoto aje ale. Hapa, kwa watu wa umri wa Jaja, ilikuwa lugha ya askari wa miaka ya sabini na ya themanini, lugha ya vizuizi vya barabarani na ya usiku. Katiba ilibadilishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na watoto wengi sasa wanafundishwa, akiwamo yule mjukuu; lakini masikio ya bibi yake hayakuwamo katika kura ile. Miaka mitatu yote nilikuwa nikizungumza na ndugu zangu wa Tanga kwa simu, kwa sauti kubwa, juu ya kichwa chake. Na sasa nimeongeza bunduki.

Nikamwambia nitaiuza. Nilisema kweli, nami niliona laki saba zikiondoka. Jaja hakujibu habari ya kuuza. Akasema, "Ilete niione."

Nilishuka nayo imefungwa katika kanga, mtutu umevunjwa, haina kitu ndani, nikaiweka mezani. Hakuigusa. Alitazama tundu la mtutu, akauliza, "Hii ndogo hivi?" Kisha akataka kuona inavyofanya kazi, akapanda ngazi akinishika mkono, nikamkalisha jikoni nyuma yangu na miwani ya kukinga macho usoni. Siku ile mafuta yalikuwa yamekwisha kuungua. Nikapiga chembe moja. Ikalia "tap", kama mlango wa kabati.

"Ndiyo hiyo?" akasema Jaja. Nikapiga ya pili. "Sauti ya jana si hii." Nikamweleza habari ya mafuta, na hapo kwa mara ya kwanza alicheka, si kwa kunifurahia bali kwa kuniona mjinga, akasema hata mwanawe mwenye pikipiki angalijua hilo.

Masharti alitoa mwenyewe kabla hajashuka. Nisifyatue jua likisha kuchwa, hata kwa mvua ya namna gani. Kabla ya kuanza nishuke nimwambie. Tena nishuke na kopo la marisau, anihesabie kumi mkononi mbele ya macho yake, kisha nilifunge kopo. Na nikimaliza nimletee karatasi aone zimekwenda wapi. Nilikubali yote. Ndugu zangu nawapigia simu siku hizi nikiwa barazani, kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bunduki gani ya bei nafuu ifaayo kulengea ndani wakati wa mvua, namwambia atafute ya kamani, nyepesi, kuukuu, yenye kifyatulio kizuri, asijali mwendo, akapige kelele yake kwanza katika sikio la jirani. Nami sasa napiga kumi kila jioni nikiwahi kurudi kabla ya jua kuchwa, na masika yaliyopita yalikwisha bila mimi kujua. Alama zangu ni za kawaida. Tisini katika mia nimezipata mara moja tu, kwa karatasi yangu mwenyewe, ambayo Olimpiki hawaitambui.

Jumamosi iliyopita nilimshushia karatasi kama kawaida. Mjukuu alikuwa mezani na daftari lake la Kiswahili. Jaja alivaa miwani, akaweka kidole juu ya kila tundu, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mtoto akimsahihisha kwenye sita, hata akafika tisa. Akageuza karatasi nyuma, akairudisha.

"Nilikupa kumi," akasema. "Ya kumi iko wapi?"

Nikamwambia nadhani iko ukutani, juu ya sanduku, karibu na waya wa taa.

"Nenda kaitafute," akasema.

Nikaenda.